Mama Tulia Avaa Miwani

Kazi yake ilikuwa kupokea simu za dharura na kutuma gari la wagonjwa. Wenzake walimbandika jina la Mama Tulia, kwa kuwa kila aliyepiga huku akilia, yeye alimwambia, "Tulia, vuta pumzi, niambie uko wapi." Na watu walitulia kweli, hata waliopagawa. Ubaya wa kazi ile ni mmoja: gari likishafika, simu hukatwa. Mpokea simu hajui kama mgonjwa alipona au la.

Siku moja alipiga baba ambaye mtoto wake hapumui. Mama Tulia alimwelekeza namna ya kukandamiza kifua mpaka gari likafika, simu ikakatwa. Iliyofuata ilipolia, aliikodolea macho tu, ikabidi jirani yake wa kiti cha pili aipokee. Msimamizi akamwambia kwa upole, bila kumficha, kwamba ikitokea tena atahamishiwa stoo. Stoo! Mdomo uliozoea kubembeleza watu ukahesabu glavu?

Katika chumba cha mapumziko kulikuwa na miwani ya uhalisia pepe ya kutuliza akili. Ukiivaa unajikuta kwenye uwanda wa nyasi, na sauti ya akili mnemba inakuongoza, ikisikiliza pumzi zako ili ijue la kusema.

"Tulia," sauti ikamwambia. "Vuta pumzi."

"Nimekusikia. Uko wapi? Uko na nani hapo?" akajibu Mama Tulia, vidole vikipapasa kibodi ambayo haikuwepo.

Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Mganga hajigangi!" jirani yake akamtania, akijipangusa machozi.

Mama Tulia naye alicheka, lakini iliuma. Aliona aibu mashine kumrudishia maneno yake mwenyewe.

Hata hivyo aliirudia miwani ile, maana stoo ilikuwa inamnyemelea. Kila sauti iliposema "Tulia," pumzi yake ilikwama, na mashine ikaling'amua hilo. Asubuhi moja ikasema tu, "Nipo," kisha ikanyamaza. Nyasi zikayumbayumba. Hakuna aliyemuuliza kitu, wala aliyemtaka aongoze. Ndipo uchungu wa mtoto yule, alioubana kifuani siku zote hizo, ukafumuka. Alilia kwa kwikwi mpaka vioo vya miwani vikajaa ukungu.

Alinawa uso, akarudi kitini. Simu ikalia. Mwanamke alikuwa anapiga mayowe, mumewe ameanguka bafuni.

Neno "tulia" lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Nipo, dada," alisema, akapumua taratibu kwenye kipaza sauti ili asikike.

Mayowe yakapungua. Mwanamke naye akavuta pumzi, akataja mtaa na nyumba kabla hajaulizwa. Wakaenda pamoja hivyo hivyo, neno kwa neno, hadi mlango ukasikika ukifunguliwa.

"Wamefika, dada yangu. Usi—"

Simu ikakatika. Mama Tulia hakuujua mwisho wa kisa kile, wala hatakuja kuujua, na iliuma vilevile. Nyingine ikalia. Akaipokea.