Mkia wa Neno Krematorium

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa kusini mwa bara letu, nilikuwa namuuguza bibi mmoja Mcheki kwenye fleti ya mtaa wa Berea, huko huko kusini. Saratani ilikuwa imeshaingia mifupani. Mumewe, Mpolandi aliyestaafu kazi ya kuchomelea vyuma bandarini, hakujua hata kuchemsha yai. Kila mmoja aliongea lugha yake na mwenzake akamwelewa. Mimi walinisemesha Kiingereza.

Siku moja bibi akasema akifa asizikwe, achomwe. Mzee akamsahihisha neno tu.

Neno lenyewe, krematorium, yaani mahali pa kuchomea maiti, ni la Kilatini, na lugha zao zote mbili zimelichukua. Bibi alinieleza huku namgeuza ubavu.

"Kwetu mkia wake hubadilika. Jambo likitendeka humo ndani, unasema v krematoriu. Kwao akina mzee, likiwa moja, halibadiliki kamwe: w krematorium. Limekauka kama yeye."

Nilielewa. Mimi wa Bukavu nasema ku nyumba. Dada wa Kitanzania niliyepanga naye chumba kule Point alisema nyumbani, na hakuchoka kunicheka.

Wakawa wanaligombania asubuhi na jioni. Nilidhani ni utani wa wazee. Kumbe mzee hakuweza kusema lolote lingine kuhusu kifo cha mkewe, na bibi alilijua hilo, akamwachia.

Alikata roho Jumanne, nikimpaka mafuta miguuni. Tuliomsindikiza tulikuwa watatu: mzee, mimi na dereva wa gari la maiti. Kwetu mtu hurudishwa udongoni. Pazia lilipofungwa mbele ya jeneza, nilitoka nje.

Kesho yake mzee alikaa mezani kumwandikia shemeji yake kwa Kicheki. Kalamu ikasimama.

"Binti, yeye alilimaliza vipi?"

"Kwa u, mzee. Krematoriu."

"Una hakika?"

"Nimelisikia miezi mitano."

Akaandika. Kisha akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mkewe afe. Sikumgusa. Sikujua kwao mwanaume anayelia hufarijiwa vipi.

Jibu halikuja. Mpwa wake akamhamishia nyumba ya wazee huko Pinetown, nami nikakosa kazi. Nilikwenda kumwona mara moja tu. Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote. Alinishika kiganja, akanisimulia jambo refu kwa Kipolandi, akangoja nijibu. Niliitikia kwa kichwa mpaka muuguzi akaja kuniambia muda wa wageni umekwisha.