Mashua Isiyo na Nahodha kwenye Ubatizo wa Mama Mkwe

Naandika haya nikiwa bado naona aibu kupita mbele ya kanisa, na sijui kama nitayaeleza sawasawa maana shule yangu iliishia darasa la saba, lakini afadhali myasikie kwangu kuliko kule sokoni Suneka, ambako wameshaongeza kwamba nilizama nikiwa nimeshika usukani (uongo, mashua yenyewe haina usukani).

Mashua ni ya Adhiambo, binti wa kutoka kule ziwani anayesomea udaktari, si ule wa sindano, ule wa vitabu. Haibebi mtu, urefu wake ni kama wa meza, na inajiendesha yenyewe. Kwanza anaiigiza kwenye kompyuta, anatafuta njia ambayo haitamaliza betri upesi, halafu anakuja kuona kama maji ya kweli yanakubaliana na kompyuta. Ziwani mawimbi ni makubwa mno kwa kuanzia, ndiyo akaomba bwawa letu. Wazee wa kanisa walikubali kwa shida, tena kwa sharti: siku ya Sabato mashua isiguse maji, ikigusa, ahame. Aliyemdhamini ni mimi, shemasi.

Sasa Sabato moja kulikuwa na ubatizo, na kazi yangu ilikuwa kuweka alama pale kina kinapoanza, watu wasipitilize. Miaka yote tunatumia vijiti. Nikafikiri, vijiti vya nini na Adhiambo ana majerikeni mawili ya manjano, yana kamba na mawe tayari? Nikafungua stoo (ufunguo aliniachia mwenyewe na majerikeni hakunikataza, ila kusema haki, hakuniruhusu pia). Mashua ilikuwa imewekwa juu yake, nikaitoa nikailaza ukingoni, nusu kwenye nyasi, nusu majini, nikajiambia nusu si kugusa. Majerikeni nikayatia majini pale kina kinapoanza, halafu nikarudi nikabonyeza kitufe cha mashua. Nilitaka tu ile taa ya kijani iwake, mchungaji mgeni akipita aniulize ni nini hii. Haikuwaka. Nikajua betri imekufa, nikaenda zangu kuimba.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ile mashine hungoja kwanza ijue iko wapi, halafu inaanza kutafuta vitu vya manjano ivizunguke. Ndiyo kazi yake.

Wa tatu kuingia majini alikuwa mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Kemunto. Na huku kwetu kuna chinsoni, ile heshima na haya kati ya mtu na mama mkwe wake, hata kiti kimoja hatukai, sembuse kugusana. Mchungaji ameinua mkono, mama amefumba macho katikati ya majerikeni, mara mashua ikajitoa nyasini ikaenda kwao moja kwa moja.

"Inakuja kubatizwa!" watoto wakapiga kelele.

"Baba Moraa, toa kitu chako!" mzee wa kanisa akaniita.

Nikaingia majini na viatu na tai. Niwe wa haki kwa mashua: ilifika karibu na mama, aliyekuwa ameshafumbua macho kwa zile kelele, ikasimama, ikarudi nyuma kidogo, ikamzunguka kwa adabu zote. Aliyemgonga ni mimi. Niliteleza kwenye matope, nikamkanyaga, akashika tai yangu, tukazama wote wawili, mtu na mama mkwe wake, kanisa zima likiangalia.

Tulipoibuka wimbo ulikuwa umekatika. Mama akatema maji, akasema, "Mchungaji, hiyo usiihesabu. Hiyo ilikuwa ya mkwe."

Watu walicheka mpaka mchungaji akashikilia jerikeni asianguke. Mama akabatizwa upya, safari hii vizuri.

Lakini Jumapili wazee wakaita kikao. Adhiambo alikuja macho mekundu, maana bila bwawa kazi yake ya mwaka mzima ilikuwa imeharibika. Nikasimama nikasema, "Huyu hakuwepo. Kitufe nilibonyeza mimi, kwa kujionyesha."

"Sharti ni sharti," mzee mmoja akajibu.

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa akinipa mgongo, akakohoa. "Aliyekuwa majini ni mimi. Kile chombo kiliniona kikanipisha. Huyu mwenye macho mawili hakuniona. Mkitaka kufukuza mtu, fukuzeni aliyenikanyaga."

Adhiambo akainua kichwa. "Mama, samahani, ilisimama umbali gani?" Kumbe kwenye kompyuta alikuwa hajawahi kuiwekea mtu njiani. Mama akanyoosha mkono, "Hivi," na yule binti akatoa daftari akaandika, huku anacheka na machozi yanamtoka, mpaka mzee wa sharti naye akatabasamu.

Bwawa likabaki kwake. Ila sasa kila Ijumaa kabla jua halijatua betri inalala kwa mama mkwe mpaka Sabato iishe, na wa kuipeleka ni mimi. Naiweka mlangoni, nabisha, nageuza uso, na kila wiki sauti inatoka ndani: "Umebonyeza kitu njiani?"

"Hapana, mama."

Na ni kweli. Siku hizi hata redio ya nyumbani namngoja Kemunto aje aiwashe.