Mpishi wa Mzinga wa Tatu

Wenzake walimwita Kamusi, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akiwatembeza wageni katika ngome ya zamani iliyo juu ya bandari: lango kuu, handaki la baruti, nanga zilizopangwa uani, kisha ngazi za kushukia kwenye meli ya kivita iliyostaafishwa na kugeuzwa makumbusho. Mumewe alimtania kwamba anaijua siku ambayo kila mzinga ulifyatuliwa, ila siku aliyozaliwa yeye mume ndiyo haimkai kichwani.

Basi Kamusi huyohuyo, asubuhi ya mtihani, alikuwa amekwenda msalani mara nne na saa tatu haijagonga.

Mtihani wenyewe ulikuwa mpya. Makao makuu yaliamua kwamba kila mwongoza wageni apimwe kwa kitabu kimoja kilichochapishwa, na atakayeshindwa arudishe kitambulisho aende nyumbani. Wenzake walihofia tarehe. Yeye alihofia ukurasa wa arobaini na moja, na sababu yake ilikuwa ya aibu: habari iliyomo humo aliitunga mwenyewe.

Ilikuwa miaka kumi na miwili nyuma, siku ya mvua. Wasichana wa shule walikuwa wamechoshwa na habari za makapteni, wanapiga miayo waziwazi bila haya, na mmoja akauliza, "Kwani hapa hapakuwa na mwanamke hata mmoja?" Kamusi akawahurumia, na jibu likamponyoka. Palikuwa na mpishi, akasema. Wapiga mizinga walipoanguka wote, mpishi alichukua kaa la moto jikoni kwa koleo, akauwasha mzinga wa tatu, na meli ya adui ikageuza. Wasichana walipiga makofi hadi njiwa wakaruka darini. Kesho yake akairudia, maana utamu wa makofi unajulikana. Wenzake wakaidaka. Mgeni mmoja akaiandika gazetini, na waandishi wa kitabu wakaichukua huko gazetini. Uongo ulikwenda shule, ukarudi na cheti.

Mtahini alikuwa mwanamke wa rika lake, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, karatasi zimebanwa kwenye ubao.

"Dada, nitembeze kama mgeni tu. Usiniogope."

"Siogopi," Kamusi alisema, na sauti ikamsaliti.

Langoni alipita vizuri. Handakini vilevile. Penye nanga alitaja uzito wa kila moja bila kukosea, na mtahini akawa anatia alama za vema. Lakini kadiri walivyopanda kwenda ukutani, kwenye mizinga, ndivyo alivyopunguza mwendo. Alikuwa ameshakata shauri tangu nyumbani: atasema kama kitabu kinavyosema, apate alama zake, aende zake. Ngome hii ndiyo kazi pekee aliyoijua, na kwa miaka hamsini na miwili aliyokuwa nayo, nani angejisumbua kumfundisha nyingine?

Wakafika kwenye mzinga wa tatu. Kamusi akameza mate, akaanza. Alipofika kwenye koleo, mtahini akatabasamu na kushusha kalamu.

"Hapa ndipo ninapopapenda. Mwakani tunamsimamisha mpishi huyu, sanamu ya shaba, hapahapa uliposimama. Imeshapitishwa. Watoto wa shule watakuwa wanamletea maua."

Kamusi akamgeukia. "Maua?"

"Kila mwaka."

Akawaona wale watoto wamejipanga na sare zao, wanamwinamia mtu ambaye hakuwahi kuvuta pumzi. Akaushika mzinga kwa mikono miwili.

"Dada, hayupo," akasema.

"Nani hayupo?"

"Mpishi. Nilimtunga mimi. Mvua ilikuwa inanyesha, watoto wamechoka... nilimtunga tu. Nisamehe."

Kule chini mafundi walikuwa wanakwangua kutu kwenye meli, kwaru, kwaru. Mtahini alivaa miwani yake, akamtazama Kamusi.

"Na mengine?"

"Mengine yapi?"

"Uliyonieleza leo. Yapi mengine uliyatunga?"

"Hakuna! Haki ya Mungu, hakuna hata moja!"

"Dakika mbili zilizopita na mpishi alikuwa wa kweli, dada."

Kamusi akageuka huku na huku akitafuta kitu cha kumtetea, akaona mashimo saba yaliyochimbika kwenye mawe ya ukuta. Akayakimbilia.

"Haya hapa! Mizinga ya meli ya adui ndiyo iliyoyapiga, siku ya mashambulizi. Haya hayatungiki. Yaguse mwenyewe."

Mtahini akayagusa, moja baada ya jingine. "Mashimo nayaona. Nani alikwambia ni ya mizinga?"

"Aliyenifundisha kazi. Mwongozaji wa kwanza wa hapa, marehemu sasa. Nilimfuata nyuma mwaka mzima, nikayashika yote neno kwa neno."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Kamusi akamkumbuka marehemu vizuri sana: kofia yake, alivyopenda watu wacheke, na jinsi alivyokuwa akimkonyeza kila walipofika kwenye mashimo haya. Miaka yote hiyo alidhani mzee wa watu ana ugonjwa wa jicho.

Mtahini alikuwa anasubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Sijui," Kamusi akasema.