Chaja ya Gari la Mikate

Mafundi umeme wawili wakiwa hawasemezani, heri mtu akae gizani. Lakini mwenye bekari hakujua lolote. Yeye alikuwa amenunua gari la umeme la kusambazia mikate, akataka lifungiwe chaja uani, dereva apumzike kwenda kuomba umeme kwa watu. Akawaita wale wale waliomfungia tanuri: Fundi Mkubwa na mdogo wake, ambaye mtaa wote ulimwita Cheche kwa wepesi wake wa mikono na wa maneno.

Maneno yenyewe Cheche alikuwa amemnyima kaka yake tangu mwezi uliopita, na chanzo kilikuwa kitu cha kipuuzi kabisa. Mteja mpya aliwakuta kazini akauliza, "Na huyu ni nani wako?" Fundi Mkubwa, juu ya ngazi, msumari mdomoni, akajibu kwa mzaha, "Huyu? Kibarua wangu." Alitegemea kicheko. Cheche alikuwa amefanya kazi naye tangu ndevu hazijamwota, na mikono yao ilizoeana hata mmoja akinyoosha kiganja, mwenzake anajua kama ni koleo au bisibisi. Hakucheka. Aliweka chini alichoshika, akasema, "Sawa, bosi," na tangu hapo hakumwita kaka tena.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walishamaliza. Fundi Mkubwa alijua amekosa, tena alijua kabla hajashuka ngazini. Ila alikuwa na kile kiburi cha vifungua mimba, kinachotaka mdogo ndiye aanze kunyenyekea. Akasubiri. Kazini yakabaki maneno ya kazi tu: shika, vuta, washa, zima. Mchana kila mtu alikula upande wake, huyu kakalia ndoo, yule kakalia boksi la nyaya, kama wake wenza waliogombania sufuria.

Aliyeumia zaidi ni mama yao. Miguu yake ilikuwa haimbebi tena, na habari zote alizipata kitandani. Alimwita mkubwa, akamshika mkono.

"Mwanangu, mimi ni wa leo au kesho. Usiniache niende na nyinyi mmenuniana. Sitaki makubwa. Nisikie tu mmesalimiana."

"Nitafanya, mama," akasema. Akatoka, akaendelea kusubiri. Mtu mzima na mvi zake!

Siku ya kufunga chaja, bekari haikusimama, kwa kuwa unga ukishaumuka haungoji fundi. Swichi zilikuwa ndani, stoo ya unga. Chaja ilikuwa uani, upande wa pili wa ukuta. Mkubwa akakaa stoo, Cheche akakaa uani. Waya wa chaja waliupa swichi yake peke yake, ili wasizime bekari nzima na kuharibu mikate tanurini. Kile kifaa cha usalama, kinachokata umeme chenyewe mtu akipigwa shoti, kilikuwa bado kwenye boksi lake. Wangekifunga mwisho, baada ya kuona taa ya chaja inawaka. Ndivyo walivyozoea, na mazoea yana taabu.

"Washa," Cheche akapaza sauti.

Mkubwa akawasha. "Tayari."

Taa haikuwaka. Alimsikia Cheche akiguna, kisha bisibisi ikikwaruza kifuniko. Ndani, mashine ya kukandia unga ilikuwa ikinguruma, na mwenye bekari akimfokea mtu kuhusu hamira. Mkubwa akaegemea magunia. Maneno ya mama yake yalimrudia, akajiona mdogo, akajiambia: leo, tukimaliza hapa, nitaanza mimi. Ndipo sauti ikapenya dirishani.

"Kaka, u mzima?"

Kaka! Mwezi mzima hakulisikia neno hilo. Na si kuitwa tu, mdogo wake anamjulia hali! Alihisi kama ametuliwa gunia mgongoni. Akacheka peke yake mle stoo, machozi yakimlenga, akasogea dirishani na kuitikia kwa nguvu zake zote, sauti iishinde mashine:

"Mzima!"

Alikuwa anataka kuongeza, "Wewe je, mdogo wangu?" aliposikia kitu kizito kikianguka.

Akaitazama swichi. Ilikuwa bado imewashwa. Hapo ndipo yale maneno yalipojipanga upya kichwani mwake, yakawa yalivyokuwa tangu mwanzo: Kaka, umezima?

Aliizima, akatoka mbio. Cheche alikuwa chini, karibu na tairi la gari, vidole vimeungua. Testa, ya kupimia kama waya una umeme, ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Hakuitoa. Pamoja na ugomvi wote ule, neno la kaka yake lilimtosha.

Wakampakia kwenye gari la mikate, maana ndilo lililokuwa karibu. Halikusogea. Betri ilikuwa imekwisha, na ndiyo sababu waliitiwa kazi. Wakamshusha, wakamkimbiza barabarani kutafuta gari jingine, Mkubwa akimwita njia nzima, mdogo wangu, mdogo wangu, maneno aliyoyabana mwezi mzima sasa yanamwagika bure. Cheche hakufika hospitali akiwa hai.

Jioni aliingia chumbani kwa mama yao. Alikuwa amekusudia kusema kila kitu. Mama alikuwa amekwisha kuambiwa kuwa mwanawe ameuawa na umeme. Aliuliza jambo moja tu.

"Mlisemezana?"

"Aliniita kaka, mama."

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Kaka, u mzima?'"

"Nawe ukamwitikia?"

"Nikamwitikia."

Mama akafumba macho. "Ahsante Mungu," akasema, na uso wake ukalegea kama wa mtoto aliyeshiba. Mkubwa akasimama pale na ule ukweli uliobaki. Hakupata pa kuutolea.

Kuanzia hapo kila aliyekuja msibani alisimuliwa na mama kutoka kitandani: wanangu walipatana, mdogo alimjulia hali mkubwa wake, naye akamwitikia, hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho. Watu wakatikisa vichwa. Wakatoka kumshika Mkubwa mkono, mmoja baada ya mwingine. "Angalau," walimwambia. "Wengine hawapati hata hilo, fundi." Aliitikia, ahsante, ahsante, na kila mkono aliopewa alitamani umpige kofi.

Mjane wa Cheche hakumshika mkono. Alisubiri watu wapungue, akamfuata nyuma ya nyumba, akasimama mbele yake, macho makavu.

"Shemeji, mume wangu nilimjua. Hakuwa mtu wa 'u mzima'. Akikutana na mtu alisema 'vipi', hata kwa mama mkwe wake. Nilikuwa nikimgombeza."

Mkubwa akaokota kijiti, akakivunja.

"Na kazi yenu naijua. Ameniletea hadithi zake hapa kila siku, washa, zima, washa, zima." Akasogea hatua moja. "Aliuliza nini, shemeji?"

Kutoka dirishani ilisikika sauti ya mama ikimsimulia mgeni mwingine, taratibu, bila kuruka neno. Mkubwa akaangalia mikono yake.

"Alisema kaka," akajibu. "Hilo nililisikia vizuri. Alisema kaka."

"Sikukuuliza hilo," akasema mjane.