Siku Nilipomnoa Mzee wa Kanisa na Ng'ombe Wake

Kompyuta ya kwanza kuingia studio ya picha pale Kapkatet ilifika imefungwa ndani ya blanketi, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mwenye studio, mama mmoja mfanyabiashara aliyehamia kwetu kutoka upande wa Nyeri miaka mingi nyuma, alikuwa ameifuata mwenyewe Nairobi na kurudi nayo, kioo chake amekipakata mapajani njia nzima. Pamoja nayo kulikuwa na skana, printa, na kitabu kinene cha maelezo ambacho panya walikuwa wamekionja pembeni.

"Haya," akaniambia, "wewe ndiye umesoma."

Ni kweli nilikuwa nimesoma. Nilikaa miezi mitatu kwenye chuo kidogo mjini Kericho nikapata cheti cha kompyuta. Lakini wanafunzi tulikuwa wengi na mashine zilikuwa mbili, kwa hivyo muda mwingi ulienda kwa kungoja zamu, na zamu ikifika tulicheza karata za ndani ya kompyuta. Kwenye cheti hawakuandika karata. Waliandika kwamba nimehitimu, na Mama mwenye studio alikuwa amekibandika ukutani kabla hata sijajua mahali pa kuwashia ile mashine.

Tulielewana vizuri, mimi na yeye. Mimi nikiwa na haraka, kwa lafudhi ya kwetu "bado" ilinitoka kama "pato", na yeye "lala" kwake ilikuwa "rara", kwa hivyo hakuna aliyepata nafasi ya kumcheka mwenzake.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Filamu tulipeleka kusafishwa Kericho, picha zikirudi tunaziweka kwenye skana, zinatokea kwenye kioo, na hapo ndipo mimi nilipoanza ufundi wangu. Kulikuwa na mahali pa kuongeza mwangaza, mahali pa kukoleza giza, na mahali pa kuifanya picha iliyofifia ionekane wazi. Hapo pa mwisho paliandikwa kwa Kiingereza neno lile lile la kunoa kisu.

"Kunoa?" Mama aliuliza, akiinama nyuma ya bega langu. "Kama panga ya kupogoa majani chai?"

"Kama panga, Mama."

"Basi noa. Watu wa huku wanapenda kitu kikali."

Nikanoa. Kila picha iliyoingia mlangoni niliinoa. Mwalimu mmoja alileta picha yake akiwa na sweta aliyofumiwa na mkewe, nikainoa mpaka kila uzi ukahesabika, na mke wake alipoiona hakusema lolote kuhusu mume, alisema tu, "Ngai, kumbe niliruka mishono mitatu hapo kwapani." Mama muuza viazi alishika picha yake ya kitambulisho, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ni uso wangu," akauliza, "ama ni ramani ya kwenda Fort Ternan?"

Mama wa studio alimpa kiti, akampa chai, akanivuta pembeni. "Msichana wangu, mtu hatoki nyumbani kwake kuja kuonyeshwa makunyanzi. Hayo ameyaacha kwa kioo cha bafu."

Ningemsikiliza. Lakini mkono ulikuwa umezoea, na kusema kweli nilijiona fundi.

Ndipo siku moja akaingia katibu wa akina mama wa kanisa letu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na mkononi alibeba bahasha kana kwamba ndani kuna yai. Mzee wa kanisa alikuwa anastaafu. Alikuwa ametumikia tangu kanisa likiwa la udongo, na sasa Jumapili ya sherehe walitaka picha yake kubwa ifunuliwe mbele ya washirika, halafu itundikwe kwenye ofisi ya mchungaji.

"Hii ndiyo tumepata," akasema. "Huyo mzee hapendi kupigwa picha. Mpwa wake alimvizia."

Nikaitoa. Mzee alikuwa amesimama kando ya shamba lake la majani chai asubuhi yenye ukungu, amevaa koti jeusi, mkono mmoja uko shingoni mwa ng'ombe wake wa maziwa. Ng'ombe alikuwa mweusi tititi. Ukungu nyuma yao ulikuwa mweupe, na picha nzima ilikuwa imetikisika kidogo, kama mpwa alipiga chafya wakati wa kubonyeza.

"Ng'ombe mtoe," akasema katibu.

"Nikimtoa, mkono wa mzee utaenda naye."

Katibu akafikiria. Mzee wa kanisa bila mkono halikuwa jambo la kueleza washirika. "Basi mwache," akasema, "lakini mzee aonekane. Nataka hata yule anayekaa mlangoni amwone."

Nilianza na giza na mwanga. Uso wa mzee ulikuwa umezama kwenye kivuli cha kofia, nikauinua. Koti nikalikoleza, ukungu nikauongezea weupe. Halafu nikanoa. Mara ya kwanza nikaona macho yake. Mara ya pili nikaona vifungo. Mara ya tatu nikaona ndevu, na hapo ningeacha, lakini nilimkumbuka yule anayekaa mlangoni. Nikanoa tena na tena, mara saba au nane, na kila mara kompyuta ilichukua muda mrefu sana ikifikiria, mpaka Mama akawa anaenda sokoni na kurudi inapomaliza.

Kwenye kioo niliona kitu kama mstari mweupe umemzunguka mzee. Kioo chetu kilikuwa na tabia zake, wakati mwingine kilionyesha rangi ya zambarau bila kuombwa, kwa hivyo sikujali. Printa ikaanza kulia. Ikatoa kofia, ikatoa mabega.

"Kuna kitu inang'aa," Mama akasema.

"Ni wino, Mama. Haijakauka."

Aliamini. Na mimi, kwa kuwa nilisema kwa sauti ya mtu mwenye cheti, nikaamini pia. Tukaiweka kwenye fremu, tukaifunga kwa gazeti, katibu akaja kuichukua bila kufungua.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Mimi nilikuwa benchi la tatu na gauni jipya, kwa sababu nilitarajia kutajwa. Kulikuwa na mhubiri mgeni kutoka Sosiot. Mzee wa kanisa alikaa mbele na mke wake, wote wawili wametulia kama watu wanaongoja gari. Katibu akapanda jukwaani, akashika pembe ya kitambaa, akasema maneno marefu, akavuta.

Shingo zikanyooshwa.

Mzee alikuwa wazi, hilo hakuna anayeweza kupinga. Lakini kutoka kofia hadi magoti alikuwa amezungukwa na nuru. Haikuwa mstari mdogo kama ule wa kwenye kioo. Kwa ukubwa ule, na jua likipiga kutoka dirishani, ilikuwa nuru nyeupe nene kama kidole, imemfuata kila pembe ya mwili, hata masikioni.

Nyanya mmoja benchi la mbele akasema polepole, "Yesu wangu." Mwingine akaanza wimbo, na kabla ya ubeti kuisha kanisa zima lilikuwa limesimama. Mhubiri mgeni, ambaye hakuwa amepangiwa kuzungumza bado, alirukia jukwaani na kusema hajawahi kuona jambo kama hili katika utumishi wake, na kwamba kuna watu hapa wamekaa na mtakatifu miaka yote wakimsalimia tu "Chamgei" na kupita. Akina mama wakaanza kulia. Mimi nilikuwa natoka jasho mpaka gauni jipya likanishika mgongoni. Nilielewa sasa. Nilikuwa nimenoa mpaka mahali koti jeusi linapokutana na ukungu mweupe pakawaka.

Nilitaka kusimama niseme. Lakini wimbo ulikuwa umepanda kuliko sauti yangu.

Wimbo ulipopungua, sauti ikatoka kwa wazee upande wa kulia. Ilikuwa ya jirani wa mzee, mtu aliyepakana naye shamba, na hakuwa mtu wa kushangazwa haraka.

"Na ng'ombe je?"

Watu wakageuka. Wakatazama picha upya. Ng'ombe alikuwa anawaka. Kwa vile alikuwa mweusi kuliko koti, yeye ndiye aliyepata nuru zaidi, kuanzia pembe mpaka mkia, na kila chuchu ya kiwele ilikuwa na mzunguko wake.

"Anamshinda mzee," jirani akaongeza, kwa haki tu.

Mhubiri akashuka jukwaani. Mtu nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Hapo kukatokea mabishano ambayo sijawahi kusikia tena kanisani. Katibu, ambaye hakutaka sherehe yake iharibike, alisema kwa nguvu kwamba maziwa ya chai ya wageni wa kanisa yametoka kwa ng'ombe huyo miaka yote, na kama kuna ng'ombe anayestahili, ni huyo. Jirani akasema yeye hana ubishi na maziwa, lakini ng'ombe huyo huyo alivunja ua lake mara mbili mwezi huo na kumaliza sukuma wiki. Mtu mwingine akauliza kama alitubu.

Ndipo mke wa mzee akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na watu wakatulia kumsikiliza.

"Mimi nimelala na huyu mtu miaka arobaini," akasema. "Taa ikizimwa, ni giza. Kama angekuwa na hiyo nuru, singekuwa nanunua mafuta ya taa."

Kanisa likapasuka. Hata mchungaji alifunika uso na Biblia. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika benchi, kisha akainuka, akatembea polepole hadi kwenye picha, akavaa miwani, akajitazama kwa karibu, akamtazama ng'ombe, akarudi kujitazama.

"Nani alitengeneza hii?" akauliza.

Sasa nilisimama. "Ni mimi, Mzee."

"Ulifanya nini, mtoto wangu?"

"Nilinoa sana."

"Ulinoa nini?"

"Wewe, Mzee. Na ng'ombe."

"Na tupa ya kunolea panga?"

"Na kompyuta."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu linalotosha. Akawageukia watu, akasema, "Mmesikia. Si mimi. Ni msichana alinoa. Sasa tuombe, chakula kinapoa." Hivyo ndivyo utakatifu wake ulivyokwisha, haukufika hata robo saa, na sijawahi kuona mtu aliyevuliwa heshima akala kwa furaha kama alivyokula yeye mchana huo.

Mimi nilidhani kazi yangu imekwisha pia. Jumatatu nilifika studio mapema ili nitoe cheti changu ukutani kwa hiari. Nikakuta watu mlangoni. Mwenyekiti wa chama cha maziwa alitaka nuru. Bibi harusi alitaka nuru, lakini bwana harusi asipewe. Kijana aliyekuwa anajitayarisha kugombea udiwani alileta picha tatu na sharti moja: yake isizidiwe na ya ng'ombe. Nilijaribu kueleza kwamba lile ni kosa, kwamba fundi halisi hanoi namna ile. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Atawanoa wote," akasema. "Mkae kwa laini, mmoja mmoja."

Yule mgombea nilimnoa mpaka akafanana na mtu aliyeshika waya wa stima. Alipenda sana. Aliibandika kutoka Kapkatet mpaka Litein, na akashindwa, lakini aliniambia baadaye kwamba shida haikuwa picha.

Wiki hiyo hiyo mzee wa kanisa alikuja mwenyewe. Alikataa chai ya Mama kwanza, halafu akaikubali, akakaa na ile fremu magotini.

"Mtoto wangu, mchungaji anasema hawezi kukaa na hii ofisini. Wageni wanamuuliza maswali. Unaweza kunipunguza?"

"Naweza, Mzee. Nakuomba msamaha. Nitakutoa nuru yote."

"Yangu, ndiyo." Akakohoa kidogo. "Lakini ng'ombe mwachie."

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Tangu Jumapili ile, akasema, watu wanne walikuwa wamekuja kuuliza kama ng'ombe ana mimba, wakitaka kuwekewa ndama.

Tatizo ni kwamba sikujua namna ya kunoa kitu kimoja na kuacha kingine. Nilichukua kile kitabu kinene na kwa mara ya kwanza nikakisoma kwa makini, pamoja na kurasa zilizoonjwa na panya, na katikati nikakuta jinsi ya kuchora mstari kuzunguka sehemu moja ya picha ili kazi iishie humo tu. Nilimzunguka ng'ombe kwa mstari, Mama amenishika bega kama ananisaidia kuvuka mto. Mzee nikampa mwanga wa kawaida, uso umeinuka kidogo, ndevu laini, ukungu umetulia mahali pake. Ng'ombe nikamnoa.

Printa ilipomaliza, tuliona kosa. Mkono wa mzee uliokuwa shingoni mwa ng'ombe nilikuwa nimeuzungushia ndani ya mstari pamoja naye. Mzee mzima alikuwa mtu wa kawaida kabisa, isipokuwa mkono huo mmoja, unaowaka hadi kwenye kiwiko.

"Nitarudia, Mzee," nikasema haraka.

Akaisogeza karibu na miwani, akaitazama.

"Hapana," akasema. "Huo ni wa kukamulia. Uache hivyo."

Akaifunga ndani ya koti kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, akamalizia chai, akatuaga, akaenda.