Nilivyotoa Ulimi kwa Mama Lata

Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami binti wa kijijini Rubya nilikuwa nauza vitambaa mjini, dukani kwa Mama Lata, Mhindi wa mtaa wa Miembeni. Duka lile halipo tena, lakini nikisikia harufu ya udi narudi pale pale.

Jioni moja alinialika kwenye ibada ya kikundi kipya cha Wahindu wenzake, kilichokuwa kikisali majumbani kwa zamu. Nilikwenda nikiogopa dhambi. Kumbe moshi wa udi wao ulinukia kama wa misa! Waliimba vizuri mno, taa ikazungushwa mbele ya picha ya mungu wao, kengele ikalia. Kengele tena! Mkatoliki mimi nikapiga magoti papo hapo, peke yangu.

Kisha Mama Lata akaanza kugawa vipande vyeupe kutoka kwenye sahani. Hapo mwili wangu ukasahau uko wapi. Nikafumba macho, nikakunja mikono kifuani, nikatoa ulimi kama padri alivyotufundisha kupokea komunyo.

Nikangoja. Nyimbo zikakoma. Nikafumbua jicho moja. Wote wamekinga viganja, na Mama Lata, kipande cha kashata mkononi, ananichungulia mdomoni.

"Mwanangu," akauliza kwa huruma, "koo linauma?"