Gym Yangu ya Kasulu na Mama Mkwe wa Nusu ya Mji

Bazilio alitoka kupitia dirishani.

Namaanisha hivyohivyo. Mlango upo, uko wazi, halafu mwanaume mzima, kifua kama gunia la mahindi, anaruka dirishani na kaptula yake na kukata mitaa bila viatu. Saa za jioni, barabara imejaa watu.

Hakuna aliyemkimbiza. Ugomvi haukuwepo. Alikuwa amelala chali kwenye benchi anasukuma vyuma, akageuza shingo kuelekea mlangoni, chuma kikadondoka puu, na huyo kaondoka.

Nilibaki nimeshika taulo tu.

Naitwa Lukmani. Kwetu Tanga, huku Kigoma nililetwa na biashara. Gym niliianzia Kibondo. Wateja wangu walikuwa watu wa mashirika ya kambi za wakimbizi, walimu na madaktari waliopangiwa kutoka mikoa mingine. Ilikuwa inajaa mpaka mtu anasubiri zamu.

Miradi ikapungua, wateja wakahama. Nikapakia vyuma kwenye lori nikaja navyo Kasulu, nyumbani kwao mke wangu Zuhra. Nikapanga fremu ya duka ya Mzee Haidari, jirani na soko.

Mwanzo mambo yalikuwa moto. Bazilio ananunua maharage huko Kitanga, anajulikana, na yeye ndiye aliyeniletea vijana wote. Bodaboda, mafundi, wauza mitumba. Jioni unasikia vyuma vinalia kuanzia barabarani.

Sasa siku ile ya dirisha, mlangoni alikuwa ameingia mteja mpya. Mama wa makamo, mwili umejaa, kitenge juu ya suruali ya mazoezi. Anaitwa Mama Pelagia.

"Mwanangu, hapa ndipo mnapotolea jasho?"

"Ndipo hapa, mama. Karibu sana."

"Nina sukari. Daktari kasema nisipotoa jasho, huu mguu utaniletea matatizo. Asubuhi hamfungui?"

"Asubuhi hapana, mama. Jioni ndiyo muda wenyewe."

Nilimjibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Kuna jamaa mmoja wa Dar anatoa masomo ya biashara ya gym kwenye simu. Anasema asubuhi ni kuchoma umeme bure. Mimi nilikuwa namsikiliza huyo kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu yeyote.

Kesho yake Bazilio hakuja. Keshokutwa vijana wake wawili nao hawakuja. Mmoja aliingia, akatazama ndani, akasema amesahau simu nyumbani. Simu ilikuwa mkononi.

Mama Pelagia yeye hakukosa hata jioni moja. Anafika, anasalimia, anachuchumaa na kuinuka, anahema, anarudi kwake.

Nikamrudia jamaa wa Dar. Akasema wateja wakipungua weka vioo, watu wanapenda kujiona. Nikaweka vioo ukuta mzima.

Ikawa mbaya zaidi. Sasa mtu anafika kizingitini tu, anaona kitu kwenye kioo, anageuza.

Jamaa akasema weka ofa. Nikabandika tangazo: mlete ndugu yako, wote mfanye kwa nusu bei.

Mama Pelagia akawaleta dada zake.

Baada ya hapo hakuna mwanaume aliyekanyaga. Nikaanza kusikia maneno kijiweni, eti mtu wa pwani kaja na jini lake, liko chini ya benchi. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Vyuma nimevinunua kwa jasho langu, halafu mtu ananitungia jini.

Mzee Haidari akapita jioni moja, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Lukmani, kuna mfanyabiashara wa saruji anaitaka hii fremu. Mwisho wa mwezi nikiona pamepoa hivi, nampa yeye. Usije ukanilaumu."

Nikaona hapa bila kumbana Bazilio nimekwisha. Nikamfuata kwenye stoo yake ya maharage.

"Kaka, nimekukosea nini?"

Hakuniangalia. Alikuwa anachambua maharage kiganjani.

"Hujanikosea."

"Sasa kwa nini umenihama na watu wako wote?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Lukmani, wewe unaweza kulala chali, kifua wazi, miguu huku na huku, mbele ya mama mkwe wako?"

"Mama mkwe gani?"

"Yule mama. Nimeoa binti yake."

"Haya, huyo ni wako. Na wenzako je?"

"Ana mabinti wengi, wote wameolewa hapahapa mjini. Ambaye hakuoa kwake kaoa kwa dada zake. Na hao dada zake umewaita wewe na ofa yako."

Nikakaa juu ya gunia.

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Kwamba tumemwona mama mkwe anachuchumaa? Hayo maneno mtu anayatamkaje, kaka?"

Mimi mama yake Zuhra alishatangulia mbele ya haki kabla sijaoa. Mambo ya kumkwepa mkwe nilikuwa nayasikia juu juu tu. Na Kibondo wateja wangu wote walikuwa wageni, hakuna aliyekuwa mkwe wa mwenzake.

Nikarudi nyumbani nafoka. Zuhra alikuwa anapepeta mchele.

"Najua," akasema.

"Unajua? Na umekaa kimya?"

"Sikukaa kimya, baba Siti. Nilikuambia uweke zamu mbili, wanaume peke yao, wanawake peke yao. Ukaniambia hii ni gym, siyo msikiti. Ukaweka visikilizio masikioni, ukamsikiliza mtu wako wa Dar."

Alikuwa ameniambia kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Asubuhi nikaenda kwa Mama Pelagia. Nilishaamua, namwambia asije tena, yeye na dada zake. Wachache waondoke, wengi warudi.

"Mwakeye," nikamsalimia kwa Kiha changu cha kubabaisha.

Akanikaribisha kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, unadhani siku ile sikumwona mkwe wangu anavyoruka? Nilirudi hapa nikalia kwa aibu. Lakini mguu ni wangu. Mimi niache nikatwe mguu, ili yeye apanue kifua?"



"Na siku ya kwanza nilikuuliza kuhusu asubuhi. Ukanikatalia."

Kesho yake nikafungua asubuhi, wanawake tu, na jioni wanaume tu.

Sikuamini macho yangu. Mama ntilie, walimu, wauguzi, na mabinti walioolewa ambao walikuwa wanaogopa kukutana na baba mkwe. Vioo nilivyovilaani wakavigombania. Jioni Bazilio akarudi na kundi lake, ananyanyua chuma huku anaimba.

Mwezi haujaisha. Nikamkimbilia Mzee Haidari kumpa habari njema.

"Umechelewa," akasema. "Nilipita juzi jioni pamepoa, nikachukua kodi ya mwaka mzima ya mtu wa saruji."

Juzi hiyo Bazilio alikuwa bado hajarudi. Nilitamani kupiga kelele.

Siku ya kutoka, saruji inashushwa, vyuma vyangu viko nje kwenye vumbi. Sina pa kuvipeleka. Mama Pelagia akafika na wanawake wake, akavitazama.

"Kwangu kuna ghala kubwa halina kitu. Jamani, tujitwike."

Wakajitwika. Benchi kichwani, vyuma vya uzito kichwani, vioo wawili wawili. Msafara ukapita katikati ya soko, na wakwe zao wamejibanza upande wa pili wa barabara, hakuna anayethubutu kusogea kusaidia.

Ndipo gym ilipo mpaka leo. Inajaa asubuhi, inajaa mchana. Kodi sitozwi, namlipa Mama Pelagia kwa kumfundisha bure.

Juzi Bazilio alinipigia simu kutoka Kitanga, alikokuwa amekwenda kununua maharage kabla sijahama.

"Kaka Lukmani, nasikia umefufuka. Jioni unafungua?"

"Nafungua. Wewe njoo na vijana, sina mteja wa kiume hata mmoja."

"Uko wapi siku hizi?"

Nikamwambia ni nyumbani kwa nani.

Akakata simu.

Wewe unayetaka kufungua gym, iwe Kasulu, iwe Buhigwe, iwe popote ambapo watu wanaishi na ndugu zao: kabla hujauliza bei ya vyuma, uliza nani kaoa kwa nani. Na huyo wa kumuuliza usimtafute kwenye simu, pengine anapepeta mchele hapo nyumbani kwako.

Zuhra amesoma hii kabla sijaiweka, amecheka mpaka machozi. Mimi bado sijacheka.